Mnyororo wa Mita Moja

Kisu kilikuwa cha Shoto. Hilo halina ubishi, na yeye mwenyewe hajawahi kulikana. Shoto ni muuza nyama pale sokoni, anakatia mkono wa kushoto, ndiyo jina likamganda. Sasa ana tabia moja: akimaliza kukata, anakichoma kisu kwenye gogo, ti! kinasimama wima, halafu yeye huyo, anapiga soga na wateja. Miaka kumi na moja hivyo hivyo. Siku hiyo akatokea mtu asiyejulikana na yeyote, akakichomoa, akaanza kukata watu. Alijeruhi watatu kabla hajaangushwa kwa benchi. Mmoja wao fundi cherehani, shemeji yake Shoto, kaka wa mkewe kabisa.

Mlinzi wa geti alikuwa wapi? Chai. Geti la nyuma je? Komeo limevunjika tangu mwaka juzi. Lakini kamati ya soko ilikaa, ikakaa tena, ikazaa amri moja: kila kisu kifungwe mnyororo wa mita moja.

Na aliyekuja kufunga akaupigilia kwa msumari upande wa kulia wa meza.

"Mwenyekiti, mimi natumia kushoto."

"Amri imesema mnyororo, haikusema upande."

"Haya, na geti?"

"Geti liko kwenye mchakato."

Basi tabu tupu. Mnyororo unampita tumboni, unaburura juu ya nyama, unalia kama mbuzi aliyefungwa kamba. Paja likiwa kwenye ndoano kisu hakilifikii, inabidi alikumbatie alilete mezani kama bibi harusi.

"Shoto, kilichofungwa kisu au wewe?" wateja wanamcheka. Wale wachache wanaokuja. Wengi siku hizi jua halijasimama utosini washakimbilia makwao kwa hofu.

Lakini hilo angelimeza. Lililomkaba ni fundi. Zamani kila asubuhi alikuja, viwiko vyote viwili juu ya meza ya nyama, anakosoa: "Kata mstari unyooke, shemeji, hiyo si nyama, hicho kiraka!" Sasa wiki ya tatu, kimya. Salamu zinapitia kwa mke, zinarudi neno moja: amesikia.

Jumatatu, huyo akatokea. Mkono wa kulia una bandeji.

"Shemeji!"

"Naam, shemeji."

"Mkono vipi?"

"Upo. Vidole viwili vimegoma."

"Shemeji, mimi siku ile..."

"Usianze. Nipe nusu kilo, ya mchuzi." Akasogea mezani. "Unajua na mkasi wangu wameufunga? Mkasi hauendi tena kwenye kitambaa, kitambaa ndiyo kinaenda kwenye mkasi. Jana mteja kaja nimpunguzie suruali, nimembeba na suruali yake mpaka mezani!"

Shoto akacheka mpaka mnyororo nao ukacheka. Viwiko vya shemeji hivyo hapo, juu ya meza, kama zamani. Akakata nyama nzuri, akaongeza mfupa wenye uboho bila kuulizwa, na kwa ile furaha mkono ukafanya ulichozoea miaka kumi na moja.

Ti!

Fundi aliruka nyuma, akaangukia kapu la muuza nyanya. Mtu akapiga yowe. Mama mmoja akamkwapua mwanawe. Macho yote kwa Shoto. Akakichomoa haraka, akakilaza, akakifunika gazeti kama maiti.

"Mazoea tu, shemeji. Wallahi, mazoea."

"Najua." Fundi alikuwa anajipangusa nyanya, pumzi juu juu. "Mimi najua kabisa. Mwili ndiyo haujui."

Shoto akafunga nyama, akamnyooshea. Fundi hakusogea. Aliangalia msumari, akaangalia mnyororo, kwa jicho lile lile linalojua urefu wa mguu wako kabla futi haijatoka mfukoni. Kisha akasimama pale mnyororo unapoishia, ukiongeza na mkono wa mtu, halafu hatua moja zaidi.

Akanyoosha mkono mzima, ule usio na bandeji.

"Nirushie, shemeji."