Buu Mwenye Mikia Miwili

Mimi Chande sikuwa mtu wa kuyumbishwa katika mambo ya wadudu. Wakati ule bandari ya Mtwara inajengwa, kazi yangu ilikuwa kuwakusanya na kuwapanga jamii kwa jamii, na niliijua. Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda kumwambia hivyo: Bi Somoe, mama yake Mwanahawa, mchumba wangu. Kwao mchumba hulima kwanza shamba la mama mkwe, wala hasemi naye ana kwa ana. Mwanahawa ndiye aliyekuwa mdomo wetu.

"Mama anasema mihogo inaliwa," aliniambia shambani, mama mwenyewe kasimama hapo nyuma ya matuta, katupa kisogo. "Wale mbawakawa weusi wanaochimba uwaue wote. Mihogo ikifa, harusi hakuna."

"Mwambie wapo wa aina mbili. Mmoja mlaji, mwingine mlinzi."

"Wote weusi, wote wanachimba!" Bi Somoe akamfokea binti yake ili nisikie mimi. "Anakwepa kazi, mvivu huyo!"

Mvivu? Mimi? Nikafukua tuta, nikatoa mabuu wawili, nikawaweka juu ya jani.

"Mwonyeshe mama. Wakubwa wanafanana, basi atazame watoto. Huyu mnene, mweupe, kajikunja: anakula mizizi. Huyu mrefu ana miguu ya kukimbia, taya zimechongoka mbele, mikia miwili nyuma. Huyu anamla mwenzake. Akikua ndiye yule mweusi mwenye kiuno chembamba."

"Nani kamwona akikua?" Bi Somoe akamuuliza binti yake.

Swali zuri, lazima nikubali. Nikasema nitamlea kwenye chungu chenye udongo. Wapi! Bi Somoe akakitaka chungu kikae jikoni kwake, eti kwangu nitambadilisha. Akawa anamchimbia mabuu weupe mwenyewe kila asubuhi, na mimi marufuku kusogea.

Siku moja Mwanahawa akaja analia.

"Mlinzi wako kafa. Amelala tu, hali kitu. Mama kamwita mjomba aje kuvunja posa."

"Hajafa, anageuka kuwa mbawakawa. Asiguswe!"

Nilisema kwa kinywa kipana, lakini usingizi sikuupata. Nilimpenda sana Mwanahawa.

Asubuhi mjomba alipotarajiwa, nilikuwa napalilia kama kawaida. Nikasikia kelele jikoni.

"Chande! We Chande, mwanangu! Katoka! Mweusi, ana kiuno!"

Bi Somoe huyo, mbio, chungu kifuani, kanga imemwanguka mabegani. Akaja mpaka nilipo, akanisogezea chungu puani. Mbawakawa alikuwa anachimba udongo kwa bidii.

"Mama!" Mwanahawa akapiga ukelele. "Unasema naye!"

Bi Somoe akashtuka, akajifunika uso gubigubi, akanigeuzia mgongo. Chungu hakukiachia. Sauti ikatoka ndani ya kanga, ya chini kabisa:

"Mwanahawa, mwambie mkwe wangu amtue shambani taratibu. Huyu kazoea kulishwa."