Siku Mbili za Kwenda Kipini

Aliyetuletea mapumziko ni Mzungu wa barabara. Alikuja Garsen, akaikagua pantoni ya kuvushia watu na magari mtoni, akasema mbao zimeoza na kamba imechakaa. Itapandishwa ukingoni kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, na wavutaji wa kamba wote wakapumzike. Mume wangu, Komora, mmoja wao, alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyefukuzwa kazi.

“Nipumzike nikifanya nini?” akaniuliza.

Nikamwambia Wazungu wenyewe huenda Malindi wakajilaza mchangani jua likiwa la utosi, kama papa aliyeanikwa. Akacheka. Nilimwacha acheke kwanza kwa sababu nilikuwa na jambo langu, na Komora ukimwomba kitu akiwa amenuna, ni afadhali uuombe ukuta.

“Twende Kipini,” nikasema.

Kicheko kikakatika. Hakuuliza kwa nini, alijua. Miaka miwili nyuma mtoto wetu wa kwanza, Tuneya, alikuwa baharia katika jahazi la Athman, na jahazi hilo lilipinduka pale nje ya Kipini, mto wetu unapoingia baharini. Habari zilipofika mimi nilikuwa kitandani, homa imenishika hata jina langu silijui. Komora akaenda peke yake. Aliporudi alinieleza walivyomzika, kwamba kaburi liko chini ya mkwaju, upande wa baharini, na mchanga wake ni mweupe. Maneno hayo nilikuwa nimeyashika kichwani, lakini macho yangu yalikuwa hayajaona kitu. Nilitaka kukaa karibu na mwanangu hata saa moja. Sikutaka kingine duniani.

“Siku ni chache, Mama Tuneya,” akasema.

“Zinatosha.”

Mwishowe akakubali. Nilifurahi mno hata nikaona aibu, maana ni furaha gani hiyo ya kwenda kaburini?

Tukaanza kupanga. Mpunga wangu ulikuwa umeanza kutia maziwa, na wakati huo ukiliacha shamba asubuhi moja tu, jioni utakuta ndege wamekuachia mabua. Nikaenda kwa jirani yangu Sidi, Mgiriama aliyehamia na watu wake kutoka kusini, nikamwomba akae juu ya dungu langu la kulindia mpunga, anifukuzie ndege. “Nenda, dada,” akaniambia. “Nina sauti ya kutosha mashamba mawili.” Hapo hakusema uongo. Sidi akipiga kelele, hata mamba hujitosa majini.

Komora akaazima mtumbwi, mwenyewe angeufuata Kipini baadaye. Tungeondoka Ijumaa alfajiri, Jumamosi tuwe Kipini, Jumapili turudi na lori la kupitia Witu mpaka ng’ambo ya Garsen, tuvushwe kwa mtumbwi. Nikasaga unga, nikafunga ubani kwenye kitambaa, nikatoa mkeka mpya. Alhamisi jioni tuliketi uani tukihesabu vituo.

Yafaa niseme jambo hapa, kwa sababu mtu wa bara huenda asilielewe. Kwetu mtoni, mtu akishuka na mtumbwi hakipiti kijiji chenye ndugu yake hivi hivi. Lazima ateremke asalimu, ale hata tonge mbili, ndipo aendelee. Akipita bila kuteremka, ni sawa na kusema hapo hana ndugu. Na Komora katika mambo haya ni mkali kupita wazee. Siku moja tulikuwa tumeshapita Idsowe, akakumbuka kwamba hakumsalimu mjomba wake. Akaugeuza mtumbwi, akapiga kasia kuukabili mkondo mpaka akahema, na mimi nikimtukana kimoyomoyo njia nzima.

“Idsowe tutamsalimu mjomba,” akasema sasa. “Ngao kuna yule binamu yangu, tutalala kwake. Halafu Kipini.”

“Na Ozi?”

“Ozi tutapita.”

Nilidhani anatania. Ozi ndiko alikoolewa Mwanasiti, dada yake wa tumbo moja. Mwanasiti ndiye aliyempokea Komora wakati wa msiba, akafuatana naye mpaka Kipini.

“Tutapitaje Ozi? Mwanasiti akituona je?”

“Tutapita upande wa ng’ambo, karibu na matete. Saa hizo atakuwa shambani.”

“Baba Tuneya, mmegombana?”

“Hatukugombana.”

“Basi?”

“Siku ni chache, nimekwambia!”

Akanyanyuka, akaenda kuukagua mtumbwi alioukagua mchana kutwa. Mimi nikabaki na ungo wangu. Mtu aliyeugeuza mtumbwi kwa ajili ya mjomba, leo ajifiche kwenye matete asionwe na dada yake? Nikaliwaza jambo hilo huku na huku, nikaona halina maana ila moja. Mwanasiti hajui kunyamaza. Kuna kitu anakijua, na Komora hataki kinifikie.

Nikamfuata ukingoni.

“Mwanasiti angeniambia nini?”

Akashika ubao wa mtumbwi. Mto ulikuwa ukipita kama kawaida yake, hauna habari na mtu.

“Mwanaarusi,” akasema. Tangu nimzae Tuneya hakuwa ameniita kwa jina langu. “Hakuna kaburi. Maiti zilizopatikana ni mbili tu, yake haikuwamo. Tulitafuta pwani yote, mimi na Mwanasiti, mpaka watu wakatushika mikono wakaturudisha.”

“Na mkwaju?”

“Mkwaju upo.”

“Na mimi ungenionyesha nini?”

“Chini yake kuna kaburi lisilo na jiwe. La nani, sijui.”

Nilimpiga. Nasema wazi, nilimpiga kifuani kwa mikono yote miwili, wala hakujikinga. Kumbe miaka miwili nilikuwa namwombea mwanangu nikiwa nauona mkwaju kichwani! Hasira yangu ilikuwa kubwa, lakini chini yake nikakuta kitu kingine. Mtu huyu alirudi kwa mgonjwa wake mikono mitupu, akaona hana budi kumletea chochote, akanitungia kaburi, kisha akaishi nalo peke yake.

Nikaketi kwenye matope, naye akaketi.

“Basi hatuendi tena,” akasema.

“Tunakwenda. Na Ozi tutateremka, nimsalimu wifi yangu, nile chakula chake. Atanieleza mlipotafuta, mahali kwa mahali. Kisha twende huko huko pwani nikamsomee mwanangu.”

Akatikisa kichwa kukubali.

“Na wewe utalia,” nikamwambia. “Hujamlilia hata siku moja.”

“Nilie mbele ya watu wa Kipini?”

“Mbele yangu.”