Pikipiki ya Mahari

Kwa mahari ya binti yake Goodness, Masele alipokea ng'ombe wanane na pikipiki moja, na vyote tisa akavitia zizini. Msicheke. Pikipiki ilihesabiwa badala ya ng'ombe wawili, na kwa Masele mali ya mahari haichezewi. Hukaa ikimsubiri mtoto wa kiume wa nyumba hiyo aoe. Mtoto mwenyewe, Luhende, hakuoa. Ng'ombe akiachwa zizini huzaa. Pikipiki ikiachwa humo miaka minne, kuku huinyea, ndama huikojolea, na panya huijengea kiota cha pamba palepale inapovutia hewa.

Sasa ndoa ilikuwa imevunjika. Goodness alirudi kwao Lingeka jicho limevimba, mtoto wake Milembe mgongoni, na mumewe Mahona akaja nyuma yake kudai. Wazee wa pande mbili walikaa wakasema neno lao la siku zote: mahari ikirudi yote, mtoto ni wa kwa mama, ikipungua hata kwato moja, mtoto ni wa baba. Ofisi za serikali zina sheria nyingine, Goodness alilijua hilo. Lakini ofisi ipo Mwanhuzi, na Mahona alikuwa hapa uani kwao.

Ng'ombe wanane walitoka. Masele akatoa na wengine wawili badala ya pikipiki. Mahona aliwakubali wale wanane, hawa wawili akawatazama, akatema mate.

"Nilileta pikipiki inayotembea, nataka pikipiki inayotembea. Jumamosi ijayo. Isipotembea, Milembe naondoka naye."

Alikuwa ameshaichungulia ilivyolala kwenye samadi, mjanja huyo. Mahona hakuwa na haja na mtoto. Alitaka Goodness aumie.

Goodness hakulia. Alimgeukia baba yake.

"Si ungeiuza, baba! Si ungempa hata mtu akaiendesha! Wewe umeifuga!"

"Usinipandishie sauti. Mimi ndiye niliyekutuma ukaolewe na mbwa?"

"Wewe ndiye uliyepokea pikipiki ya mbwa."

Masele akainuka akawafuata ng'ombe wake. Siku sita zilizofuata hawakupeana hata mwangaluka, salamu ya asubuhi.

Goodness aliivuta pikipiki mwenyewe mpaka kivulini. Alipong'oa kile kiota, vitoto vinne vya panya vikadondoka, akavitupia kuku. Petroli ya tangini ilikuwa imeganda kama utomvu. Kuhusu injini alijua kuliko watu walivyodhani, kwa sababu Mahona ni fundi, ana kijiwe chake Bariadi mjini, na kwa miaka minne alimshikisha spana na kumtukana kila alipokosea namba. Matusi yote aliyakumbuka, na namba zote pia.

Akafungua kabureta, akaisugua kwa mswaki, akazibua vitundu vyake kwa unyuzi wa waya wa breki. Siku ya tatu alikwenda Mwanhuzi kununua plagi, cheni na tyubu mbili. Muuza vipuri akamcheka.

"Shemeji, wewe na injini wapi na wapi? Mlete mumeo."

"Ndiye ninayemtengenezea," Goodness akamjibu, akachukua vipuri vyake.

Ijumaa jioni pikipiki iliwaka, lakini vibaya. Klachi ilikuwa inateleza, na injini ikishapata moto ilizima, isiwake tena mpaka ipoe. Kipuri cha kuiponya hakikuwepo, na siku zilikuwa zimekwisha. Goodness alikaa chini akitukana kimoyomoyo pikipiki, baba yake na Mahona, wote kwa pamoja. Kisha akakumbuka jambo ambalo kila mfugaji analijua: mnyama wa mahari, mwenye kupewa humswaga kwa mkono wake mwenyewe. Akishampitisha mlango wa zizi, ugonjwa wake na kifo chake ni juu ya aliyemswaga. Akainuka, akaisukuma pikipiki mpaka zizini, akaisimamisha katikati ya ng'ombe.

Jumamosi Mahona alikuja na baba yake mkubwa, mzee Mwandu, aliyeogopwa kwa sababu hakuwa na upande.

"Iko wapi?"

"Ilipokuwa siku zote," Goodness alisema.

Mahona akaingia zizini akicheka. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili, ya tatu. Ya nne, injini ikashika, ng'ombe wakatawanyika, na kicheko kikafutika usoni mwa Mahona.

"Plagi hii siyo yangu. Cheni siyo yangu."

"Inatembea, haitembei?" mzee Mwandu aliuliza.

Majirani walikuwa wamejaa uani, na fundi hapendi kuonekana ameshindwa na pikipiki mbele za watu. Mahona akatia gia, akapita mlangoni, akaenda na vumbi lake mpaka kwenye mashamba ya pamba. Huko mlio ukakatika. Watu walingoja. Wakamwona anarudi akiisukuma, shati limelowa jasho.

"Mzoga! Wamenipa mzoga!"

"Nani ameitoa zizini?" mzee aliuliza.

"Baba, huyu mwanamke..."

"Nimeuliza nani ameitoa."

"Mimi, lakini..."

"Basi ni yako. Mahari imerudi, mtoto ni wa huku. Mimi sina neno jingine."

Mahona akamsogelea Goodness mpaka pumzi zikakutana. "Ulijua."

"Nilijua. Inataka nusu saa ipoe, itawaka. Kaingojee barabarani. Hapa kwetu usikae."

Mkono wa Mahona ulipanda. Masele alikuwa ameshasimama na fimbo yake, na mkono ukashuka.

Mahona akaisukuma kwenda zake katika jua la saa saba. Muda wote ule hakumwita Milembe, wala hakumtafuta hata kwa macho. Goodness alifurahi, furaha mbaya yenye uchungu ndani yake, akambeba mtoto wake, akaingia naye ndani, akafunga mlango.