Jina la Himyar Mgongoni

Hebu nikutegee, na usiharakie kujibu. Nina wana kumi na mmoja, sikumzaa hata mmoja. Wakishinda hubebana wao kwa wao, wakishindwa huniletea mimi matope yao. Mimi nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Pangani? Ahsante, Pangani nimekwenda, madafu yake nimekunywa, nimerudi na jibu: mimi ni mfuaji wa jezi.

Na mtaa wote wa Makorora mfuaji wa jezi alikuwa mmoja, Bi Mwanasiti. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, watu walipokuwa bado wanajifunza kugombana kwa bendera, alikuwa amekwisha ifulia klabu ya Mikandaa miaka kumi na miwili. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono iliyokakamaa kwa sabuni ya mche, na kila Ijumaa baada ya sala timu nzima ilikaa uani kwake kuzunguka sinia mbili za wali wa nazi. Mchele na samaki walichanga wenyewe. Kelele alitoa yeye.

Jina la Mikandaa pia lilitoka kwenye beseni lake. Katika miaka ile ya foleni, sabuni ikiwa adimu kama lulu na kitambaa ukikiona unauliza kimeibwa wapi, timu ilikuwa ikicheza vifua wazi. Ndipo Mzee Khozema, mwenye duka la misumari na rangi kule Chumbageni, akakumbuka jora la kitambaa cha marekani alilolirithi kwa babake, limekaa stoo mpaka likawa manjano. Akalitoa. Bi Mwanasiti akachemsha magome ya mkandaa, yale wavuvi wanayotilia nyavu zao rangi, akachovya jezi kumi na tano zikatoka nyekundu ya kahawia. Siku ya kwanza kuzivaa ikanyesha mvua. Rangi ikachuruzika. Beki wa timu ya Nguvumali aliyekuwa akimkaba Himyar, mshambuliaji wa Mikandaa, aliona maji mekundu yakimtiririka mwenzake mapajani, akaacha mpira, akapiga kelele, "Jamani huyu anakufa!" Himyar akampita, akafunga. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka rangi nyingine, na kila mwaka Bi Mwanasiti alichemsha magome upya.

Himyar huyo, sasa mgombea ubunge, ndiye aliyekuja Ijumaa, wiki tano kabla ya kura, na boksi kubwa kichwani mwa dereva wake.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mh! Umenenepa. Kumbe siasa ina lishe."

Uani wakacheka, na Himyar akacheka kuliko wote. Mamake alipohamia Maskati na kumwacha kwa mjomba asiyejali, kijana alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikula kwenye sinia hizi mpaka alipooa. Hakuna aliyemwita mgeni. Alivua viatu, akakunja kanzu, akaketi baina ya Shekhe, aliyekuwa kipa na pia nahodha, na Asheri, Mbondei wa Muheza aliyekuwa mwalimu wa timu.

Walipokwisha onja, akafungua boksi. Jezi mpya, laini, zinang'aa kama ngozi ya samaki kibua. Rangi yake ilikuwa ya chama chake. Na mgongoni, juu ya namba, kwa herufi nene nyeupe: HIMYAR.

Wachezaji wadogo walizinyakua. Mzee Khozema alisugua kitambaa kwa vidole viwili, kama afanyavyo muuza duka. "Nailoni safi. Ya Dubai hii."

"Ni za Jumapili," alisema Himyar. "Fainali ya kata. Mimi nitasema maneno mawili tu wakati wa mapumziko. Mawili, mama, usinitazame hivyo."

Shekhe alikuwa hajagusa. "Mimi kipa," alisema. "Mgongo wangu huonwa na wavu tu. Na hata wavu sitaki usome jina hilo. Kila mtu hapa anajua mimi niko chama gani."

"Shekhe, ni nguo tu."

"Kama ni nguo tu, toa jina."

Kisha Mzee Khozema akafuta mkono, akazungumza taratibu, na alipozungumza taratibu watu walijua jambo limemkaa kooni. "Nyinyi mnabishana jina. Jumatatu wamekuja watu na kamba, wameupima uwanja wetu goli hadi goli. Nikauliza, mnapima nini? Wakasema viwanja vya maghala, mzee, sasa ni soko huria. Haya, nani atatusemea manispaa? Mpira wenyewe? Huyu mwenetu. Tukimwacha, tutacheza barabarani."

"Na tukimvaa huyu mgongoni," akasema Asheri, "akashinda yule wa chama kingine, yule atatusemea?"

"Mwalimu, wewe unahesabu kama mtu wa reli, kila treni na ya kurudi."

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu uwanja utakuwapo Jumatatu ya baada ya kura."

Wakaanza kusema wote pamoja. Shekhe alisema akilazimishwa, yeye na wenzake watano wataondoka kesho, Nguvumali wanawataka. Wadogo wakasema jezi zikirudishwa, wao wanamfuata Himyar. Bi Mwanasiti alihesabu vichwa pale uani bila kutaka, sita huku, saba kule, akaona kwamba Ijumaa ijayo sinia moja ingetosha. Hakuzaa. Alichokuwa nacho duniani ni kelele hizi za kila Ijumaa.

Akamwegemea Himyar, sauti ya chini. "Hebu niambie, mwanangu. Ukishindwa, Ijumaa ile utakuja kula?"

Tonge lilisimama njiani. "Mama nawe! Mimi sishindwi."

"Sikuuliza hilo."

Himyar alifungua kinywa, lakini Mzee Khozema alikuwa amesimama anadai mikono inyooshwe, na Himyar akainuka kwenda kunawa. Mikono ikanyooshwa. Waliotaka jezi mpya walizidi kwa mmoja. Shekhe alitoka bila kuaga, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea uani pale.

Jumamosi Bi Mwanasiti alizifua jezi mpya, kwa kuwa nguo haiendi uwanjani bila kupita mkononi mwake. Zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, zikakauka kabla hajamaliza kuanika. Usiku hakulala vizuri. Jumapili asubuhi alitia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi, akafudikiza kapu juu yake, akazipanga jezi juu ya kapu, migongo chini, moja juu ya moja. Alikuwa akifukiza kila nguo ya fainali namna hiyo, harufu ikae na jicho la husuda likimbie, na marekani ya pamba haikuwahi kumlalamikia. Mkono ulifanya ulichozoea. Akili ilikuwa kwa Shekhe. Akatoka akaenda nyumbani kwao, akasimama mlangoni kama mchumba.

"Njoo ucheze, Shekhe. Leo tu."

"Mama, ningekukubalia lolote. Si hilo."

"Basi njoo ukae benchi, watu wakuone."

"Nikae benchi na jezi ipi?"

Bi Mwanasiti akageuka. Akarudi polepole, na alipokata kona ya nyumbani akaisikia harufu. Haikuwa ya udi. Ilikuwa ya kitana cha plastiki kilichoangukia makaa.

Akakimbia, na miaka sitini yake. Alipovuta jezi ya juu, ya chini zilikuja nazo, zimegandana kama kaimati zilizokosa nafasi karaini. Herufi nyeupe zimeyeyuka zimekuwa ute. Na pale jina lilipokuwa, kila mgongo ulikuwa na tundu lenye kingo nyeusi, la kupitisha ngumi.

Bi Mwanasiti alikaa chini, miguu mbele, akajishika kichwa. "Nimemchoma mwanangu," akasema peke yake.

Kabla ya adhuhuri Makorora yote ilikuwa na habari, na kila mtu na tafsiri yake. Wa chama cha Shekhe walipita dirishani wakimpigia makofi: "Bi Siti kapiga kura mapema!" Wa chama cha Himyar walisema bibi kanunuliwa, ameonekana asubuhi mlangoni kwa Shekhe, na mlangoni hapo kweli alikuwa amesimama. Hata Mzee Khozema alikuja akiwa ameshika ndevu.

"Bi Mwanasiti, tuambiane. Ni kusudi?"

"Mzee Khozema, ningekusudia ningetumia mkasi. Ningeupoteza udi wangu kwa nini? Udi wa Maskati ule!"

Mzee Khozema alimtazama, akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda. "Nailoni, mama. Nailoni na makaa! Hata mimi ninayeijua nisingefikiri mtu ataifukiza." Kisha akafuta macho. "Himyar akija, mimi sisemi. Sema wewe."

Saa tisa timu ikakusanyika nyuma ya goli. Bi Mwanasiti akafungua khanga akatoa zile jezi kuukuu, za mkandaa, zenye viraka kwapani. Wadogo walinuna, lakini ungevaa nini? Wakavaa. Shekhe alikuwa amesimama mbali, karibu na barabara, mikono nyuma. Akaziona. Akaja taratibu, kama mtu anayepita njia tu, akanyoosha mkono. Bi Mwanasiti akamwekea jezi yake mkononi. Nyuma yake wakaja wale wenzake watano.

Wakati huo gari la Himyar likaingia, na ndani watu wawili wa kampeni na kipaza sauti. Bi Mwanasiti hakungoja. Alilibeba lile bunda lililoungua, akalipeleka mpaka mlangoni mwa gari.

"Nimekuchoma, mwanangu. Nilifukiza. Sikujua. Wallahi sikujua."

Himyar alikunjua jezi moja. Akaiinua juu, na kupitia tundu la mgongoni Bi Mwanasiti akaona jicho lake likimtazama.

"Umenifukiza udi?" alisema Himyar.

"Wote."

Mtu mmoja wa kampeni akafoka garini. "Mheshimiwa, hii ni hujuma! Timu imevaa matambara, sisi tunahutubia nini hapa? Twende. Tuwahi mkutano wa Chumbageni, watu wapo."

Mpira ukaanza. Himyar alisimama na ile jezi mkononi, mguu mmoja ndani ya gari. Uwanjani Shekhe alikuwa akiwapigia kelele mabeki wake, wa chama chake na wasio wa chama chake, kwa matusi yaleyale bila ubaguzi. "Rudi, we tikiti! Rudi!" Na yule tikiti, mmoja wa wadogo walionuna, akarudi mbio.

"Nyie tangulieni," alisema Himyar.

"Mheshimiwa?"

"Tangulieni. Nitakuja kwa miguu."

Gari likaondoka likipiga honi. Himyar alikuja akaketi karibu na Bi Mwanasiti, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanzu yake nyeupe ikigusa vumbi. Baadaye akaanza kumsema mwamuzi, kisha winga, kisha mwamuzi tena. Mapumziko yalipofika hakuna aliyepanda kusema maneno mawili. Himyar aligawa maji. Alipofika kwa Shekhe, Shekhe akayapokea, akanywa, akamrudishia kikombe.

"Kuhusu uwanja," alisema Shekhe, macho chini. "Mimi mgombea wetu namjua. Nitamleta Ijumaa."

"Kwenye sinia?" akauliza Mzee Khozema, macho yamemtoka.

"Kwenye sinia. Naye aulizwe habari ya uwanja, na huyu aulizwe. Tuwasikie wote wawili, tusimvae yeyote."

"Hilo lingesemwa Ijumaa iliyopita," akasema Asheri, "bibi asingepoteza udi."

Mikandaa walifungwa moja bila. Goli lenyewe la mkono, na Himyar alimfuata mwamuzi hadi nusu ya uwanja mpaka Mzee Khozema akamvuta kanzu na kumkumbusha kwamba anagombea ubunge. Wachezaji wakarudi nyuma ya goli wakavua jezi, wakamrundikia Bi Mwanasiti miguuni, na matope yake. Wote kumi na mmoja. Alizihesabu mara mbili.

Himyar aliinama akamsaidia kuzifunga kwenye khanga. Walikwenda kwa miguu, bunda begani mwake, hadi wakapita msikiti na kona ya nyumbani. Mlangoni akalitua, akabaki amesimama.

"Mama, uliniuliza kitu Ijumaa."

"Nilikuuliza."

"Kwa zile jezi zangu, nisingekuja." Alikuwa akikung'uta vumbi la kanzu, hakumtazama. "Ningeshindwa, halafu nije nikae hapa uani, jina langu limeanikwa kwenye kamba yako? Aibu ingeniua. Ningepita njia ya pili mpaka nife." Akainua uso. "Kwa hizi za mkandaa, nishinde nishindwe, niwekee nafasi. Nitakuja."