Utani wa Saa Nane na Nusu

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Salha, rafiki yangu tangu shule ya bweni, alichaguliwa na vyuo viwili. Kimoja kilimpa Sheria, kingine sayansi ya uchunguzi wa jinai, ile ya kupima damu na alama za vidole. Baba yake alishaamua: Sheria, awe mwendesha mashtaka. Kwa kuwa kwao Busi intaneti inasumbua, alinitumia namba ya siri nimthibitishie chuo kimoja mimi huku Ihumwa.

Saa nane na nusu nikathibitisha Sheria kwenye kompyuta ya steshenari. Kisha, kwa kuwa siwezi kumwona mtu ametulia nikamwacha, nikampigia.

"Salha, pole sana. Nimekosea kubonyeza. Umekwenda maabara."

Nilisubiri kilio. Badala yake nikasikia kigelegele.

"Gerson, Mungu akubariki! Ndiyo niliyokuwa naitaka, nikaogopa kusema. Baba! Imeshatokea, naenda maabara!"

Sauti ya mzee ikaja kwa mbali: "Kama imeshatokea, basi nenda, mwanangu."

Nikakaa sakafuni, katikati ya foleni ya watu.

"Salha, nilikuwa nakutania. Nimethibitisha Sheria."

Akanidaka hapo hapo:

"Dirisha la kuthibitisha linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Tangua sasa hivi uthibitishe maabara, mshenzi we. Na kila unachobonyeza, unisomee kwa sauti."

Nikasoma neno kwa neno, jasho likinitiririka, foleni nzima ikinisikiliza.