Msomaji wa Kwanza wa Kitabu cha Sita

Eliana alikuwa amekingoja kitabu cha sita miaka mitatu, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa kuumia. Kitabu cha tano kiliishia pabaya: Inspekta Beaurenault, mpelelezi asiyeshindwa na muuaji yeyote, amefungwa pingu yeye mwenyewe kwa kosa la kuua. Mwandishi akamwacha hapohapo, mlango wa jela ukafungwa, mwisho. Huo ni ushetani mtupu.

Kwa hiyo Jumamosi ile alimwachia jirani mawese yake sokoni Rumonge, akavaa kitenge kipya, akaenda kwenye chumba cha kusomea. Wafadhili walikuwa wameahidi kuleta mfululizo mmoja mzima wa vitabu, na wasomaji wenyewe ndio waliotakiwa kuuchagua. Desturi ya pale ilijulikana: jina la aliyependekeza linaandikwa kwenye fomu, na vitabu vikifika, yeye ndiye anayeazima wa kwanza.

Aliposimama kumpendekeza Beaurenault, aliongea bila woga. Alieleza jinsi Beaurenault anavyomtambua mwongo kwa kumtazama akila, na jinsi kila kitabu kinavyoanza na kosa dogo ambalo hakuna anayelitilia maanani. Watu walimsikiliza kweli. Ila Eliana alijifunza kusoma kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kwa Kiswahili, na Kiswahili hakiachi herufi nyuma. Kifaransa alijifundisha mwenyewe baada ya kurudi, kwa vitabu na kamusi, bila mtu wa kuongea naye. Basi inspekta akamtoka mdomoni na herufi zake zote: Be-a-u-re-na-u-li-ti.

Tadeo, aliyesoma Bujumbura na kurudi na viatu vilivyochongoka, alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake.

"Borno, mama! Ni Borno! Iko herufi zingine hazisemwi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Eliana akakaa, masikio yakimwaka moto. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimwita vibaya mtu anayemjua kuliko majirani zake wa kijijini Gatete. Lakini kosa lake liko wapi? Nani aliwahi kumtamkia? Kitabu hakina mdomo.

Na kicheko kilikuwa mwanzo tu. Tadeo alisimama. "Acheni nimusaidie mama," alisema, akayarudia maneno ya Eliana yote, mwongo akila, kosa dogo, kila kitu, kwa Kifaransa kilichonyooka. Watu wakapiga makofi. Madamu Rachelle, mtunza vitabu, akachukua kalamu akaandika kwenye fomu: Tadeo.

Eliana alidhani macho yanamdanganya. Hayakumdanganya. Ameibiwa mchana kweupe, na mashahidi wanampigia mwizi makofi!

"Sasa Tadeo," Rachelle alisema, "fomu inataka majina ya vile vitabu tano vya kwanza, vile vinafuatana."

Tadeo akainama sikioni kwa Eliana. "Mama," alinong'ona, "kile cha kwanza kinaitwa namna gani? Uniambie polepole tu, mimi nitasema."

Hasira ilimpanda Eliana, ikatafuta pa kutokea, ikapata.

"Kumbe hujasoma hata kimoja!" alisema, na hakunong'ona. "Unakula makofi ya kitabu hujafungua?"

Eliana akampita, akaenda hadi mezani kwa Rachelle, akavitaja vitabu vyote vitano kwa mpangilio, kila herufi ikipewa haki yake, bila haraka na bila kuomba radhi. Aliwatazama waliokuwa wamecheka, mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyethubutu.

"Madamu," alisema, "hilo jina la pale juu, ulifute. Uandike Eliana. Hilo linasemwa vile linaandikwa."