Vumbi la Sinema ya Embla

Lempi Kangas alikata mkate wa potica, ule mtamu wa kuviringishwa na jozi, vipande vyembamba. Katika mji wa Embla mtu hukataa kipande mara mbili kabla ya kukipokea mara ya tatu, na akipokea kinene huonekana mlafi. Alivipanga kwenye sinia, akaifunika kwa kitambaa, akampa mwanawe Rudy aibebe mpaka garini. Ilikuwa Jumapili ya mwanzo ya Novemba, baada ya ibada, siku ambayo mji mzima hukutana kwenye ukumbi wa sinema kuitazama upya ile filamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kurudiwa. Ile ya kwanza, isiyo na rangi, ilitengenezwa mbali, kwenye nchi ya joto. Hii ya pili ilipigwa hapahapa Embla, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, majira ya baridi ambayo Rudy alikuwa mtoto wa kubebwa. Kisa chake ni chepesi. Vumbi la kijivu linaanguka kutoka nyota nyingine, watu wanalivuta kwa pua, na mtu akishaambukizwa halii wala hagombi; anaamka, anakwenda kazini, anarudi. Mwongozaji alikuja na mwalimu wa kuwafundisha wenyeji kusimama bila furaha wala hasira. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliwatazama walivyojipanga kwenye theluji, akasema hawa wameiva, akapanda basi kurudi kwao.

Vumbi liliombwa kiwandani, pale wanaposaga mawe ya chuma. Kiwanda kilitoa viroba kwa viroba, bure, na watu wote wakasema huo ni uungwana.

Reino, mumewe Lempi, alikuwa mmoja wa walioambukizwa kwenye onyesho la stendi ya basi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye mabega. Alikufa mzee, mapafu yakiwa magumu kama ubao. Tangu hapo, onyesho la stendi likifika, hushuka kutoka kwenye pazia la sinema pamoja na wenzake, akiwa na umri uleule wa siku ile, hukung'uta buti, hukaa na familia yake hadi filamu iishe. Wanaoshuka ni marehemu tu. Walio hai hubaki kule juu wakiendelea kuigiza. Zamani marehemu walitosha benchi moja. Sasa kamati ya ukumbi imelazimika kuazima viti vya kanisani.

Miaka yote Lempi alizungumza na mumewe kuhusu hali ya hewa. Mwaka huu alikuwa na shida. Rudy alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kusagia, na tangu kiangazi alikuwa akikohoa. Shemeji yake Rudy wa mji wa Duluth alikuwa amempatia huko kazi ya kuendesha basi la shule, na alitaka jibu jioni hiyo. Lempi alikuwa amebembeleza mpaka ameishiwa maneno.

"Mzee alikaa pale maisha yake yote," Rudy alimjibu kila mara. "Sikumsikia akilalamika hata siku moja."

Reino alilalamika mara moja, siku aliyokufa. Alimshika Lempi mkono akasema, "Mtoe mtoto pale." Hapakuwa na mwingine chumbani. Ndipo Lempi akaamua kumleta Rudy, ambaye Jumapili zote za filamu alikuwa zamu, ayasikie maneno hayo kwa baba yake mwenyewe.

Stendi ya basi ikatokea. Marehemu wakashuka kwa utaratibu, wakitangulizana, vumbi likiwadondoka kwenye makoti. Rudy akasimama.

"Kaa hapa, Mzee," akamwambia yule kijana.

"Usisumbuke, nitasimama tu."

"Kaa, Mzee."

"Nisije nikakubana."

"Hunibani, kaa."

Reino akakaa. Albina Zupan, jirani yao, aligeuka kwenye kiti cha mbele akawatazama. "Ehe, mtoto kampita baba umri!" akasema, akarudi kutazama filamu.

"Reino," Lempi akasema, "mwambie mwanao atoke kiwandani. Uliniambia mwenyewe."

"Nilikwambia lini?"

"Siku uliyokufa."

Reino alifikiri. "Hiyo bado sijaifikia," akajibu kwa upole.

"Lakini unakohoa. Tangu wakati ule ulikuwa unakohoa!"

"Kidogo. Si vibaya sana."

"Hata mimi," Rudy akadakia. "Kidogo."

"Uko mashine gani?" Reino akamuuliza.

"Ya pili. Ile ambayo mkanda wake unachomoka."

"Mpaka leo unachomoka?"

"Jana tu umenichomokea, almanusura uondoke na kofia yangu."

Wakacheka. Reino alipokuwa hai alirudi nyumbani amechoka, akala, akalala; Lempi hakumbuki kuwaona wakicheka pamoja. Sasa waliongea kuhusu grisi, kuhusu msimamizi, kuhusu namna ya kuupiga teke mkanda urudi mahali pake. Kikohozi kiliwashika pamoja, kikohozi kimoja, kikaanza pamoja na kuisha pamoja. Albina akapitisha pipi za mnanaa nyuma bila kugeuka.

Hasira ilimpanda Lempi mpaka masikio yakawaka moto. Akainuka.

"Vumbi hili ndilo lililomuua!" akapaza sauti. "Hili lililo kwenye makoti yao! Limetoka kiwandani, sote tunajua, na bado tunawapeleka watoto wetu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Hata marehemu waligeuka, kwa adabu. Lempi hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, na hakujua afanye nini na mikono yake.

"Kaa, shoga," Albina akasema. "Kahawa ingalipo."

Mzee mmoja safu ya nyuma akasema mwaka huu theluji itawahi. Wengine wakakubali kwamba kweli, itawahi.

Filamu ikaisha. Reino alimpa mwanawe mkono, akamshukuru mkewe kwa mkate, akapanda kurudi kwenye pazia pamoja na wenzake. Wanawake walichukua mifagio wakafagia vumbi katikati ya viti, wakalijaza kwenye ndoo mbili, wakalimwaga nyuma ya ukumbi kama kawaida.

Garini Rudy alikuwa na uso wa mtu aliyetoka arusini. "Ahsante, Mama," akasema. "Kumbe mimi na Mzee ni walewale." Kisha akatoa simu, akampigia shemeji yake wa Duluth. Aliulizia hali ya hewa, halafu barafu ya ziwani, halafu watoto. Akamwambia ameshukuru sana, ila hapa alipo panamtosha. Akakohoa kwa muda mrefu, akiwa ameiweka simu mbali asimkere mwenzake, kisha akairudisha sikioni.

"Hapana, siumwi," akasema. "Ni vumbi tu la sinema."

Lempi akawasha gari, kwa kuwa kesho Rudy alikuwa na zamu ya asubuhi.